Matawi Yaliyobaki Mteremkoni

Jumanne. Manyunyu tangu alfajiri, mawingu yameshuka yamekalia vilima vya Mikumi, na leo nimekuja kibandani kwa miguu.

Baiskeli nimeiacha nyumbani, nimeiegemeza kwenye ukuta wa jiko. Wakati natoka sikutaka hata kuitazama. Ni ile ile yenye kikapu nilichokivalisha kitenge cha njano kwa mikono yangu, nikaringa nacho barabara nzima mchana na jioni. Fundi cherehani lazima ajitangaze, nilisema. Kumbe nilikuwa najishonea alama.

Kwa ambaye hajaiona hiyo video, ni fupi. Mwanamke aliyejitanda kanga ya kijani ameipa kamera mgongo, anaburuta tawi la mti katikati ya lami. Pembeni imelazwa baiskeli ya kikapu cha njano. Sauti ya kijana kutoka ndani ya lori inasema, "Muoneni huyu mama, mchana kweupe anatutegea matawi. Wenzake wako porini wanasubiri gari lisimame." Halafu kicheko. Basi, imeisha.

Huyo mama ni mimi.

Nilikuwa nayaondoa. Kijana alianza kurekodi tawi likiwa katikati ya barabara, akazima kabla halijafika kwenye majani. Angevumilia kidogo tu angeniona nalitupa mtaroni na kujifuta mikono. Lakini lori lilikuwa linakwenda, naye alishapata alichokuwa anakitaka.

Anayepita barabara hii anajua mambo ya matawi. Lori likiharibika, dereva anakata matawi porini, anayalaza nyuma ya gari lake ili wanaokuja wapunguze mwendo. Ni jambo jema na limeokoa wengi, silipingi. Shida inaanza gari likishapona. Dereva anatupia jeki ndani, anawasha, anaondoka, na matawi yanabaki pale yakilinda lami tupu. Mwenye gari anayakwepa huku anatafuna karanga zake. Mwenye baiskeli akiyakwepa anaingia katikati ya barabara, na nyuma yake kuna kitu kizito kinateremka.

Mume wangu Selemani aliyakwepa matawi.

Alikuwa anatoka mashineni, amefunga mfuko wa unga kwenye keria. Mimi nilifika wakati watu wameshamfunika. Unga ulikuwa umetapakaa lami nzima, mweupe, na manyunyu kama haya ya leo yalipoanza ukawa unageuka uji taratibu, magari yakiukanyaga. Sijui kwa nini kati ya yote ni huo unga ndio ulioganda kichwani. Mpaka leo nikichekecha unga wa ugali nafumba macho kidogo.

Dereva aliyemgonga alikaa chini barabarani akalia kama mtoto. Alikuja mpaka kijijini Masanze kwenye maziko, akashika koleo na wenzake, na nilimpa mkono. Huyo nilishamalizana naye. Asiyenitoka ni yule mwingine, aliyeyalaza matawi akayaacha. Hakuna aliyemwona wala aliyejua ni lori lipi. Namwota. Anakuja amenipa mgongo, anaburuta tawi, namwita ageuke nimwone uso, na hageuki.

Sasa nieleweni. Siku video ile iliponifikia kwenye simu, kabla sijaitambua kanga yangu, nilidhani kuna mtu amerekodi ndoto yangu.

Mgongo ule ule.

Wifi yangu Zuhura alipiga simu kutoka Magomeni, kule Kilosa, hata salamu hakumaliza. "Wifi, hiyo kanga si ile niliyokuletea mimi sikukuu ya Idi?"

"Ndiyo hiyo."

"Basi ichome. Na baiskeli iuze. Kaka yangu ameshakwenda, nawe unataka kumfuata kwa ajili ya kuni za watu?"

Tulicheka wote wawili. Niliwahi kuandika maoni chini ya video, kwa adabu kabisa, kwamba yule mama anayaondoa. Mtu akanijibu kwamba bila shaka mimi ndiye mwenzake wa porini. Wakaja wengine na vikatuni vyao vya kucheka, maelezo yangu yakazama.

Jumamosi lori moja liliniona kwa mbali. Nasema liliniona kwa sababu lilianza kupiga honi kabla halijanikaribia, kisha likanibana mpaka nikaingia mtaroni na baiskeli yangu. Dirishani mkono ulikuwa umenyoosha simu. Nilikaa kwenye matope yale nikiwaza jambo la kijinga, kwamba safari hii angalau wamenichukua kwa mbele.

Ndiyo maana leo nimekuja kwa miguu. Naogopa, nisijifanye shujaa hapa.

Na asubuhi hii, pale pale mteremkoni alipogongwa Selemani, yalikuwepo mengine. Mabichi, majani bado yanang'aa, yamelazwa vizuri kabisa, na gari hakuna. Niliweka mfuko wangu wa vitambaa chini. Nikainama, nikalishika la kwanza. Basi likatokea, likapunguza mwendo, na nikaona simu zikipanda madirishani moja moja. Mtu akapaza sauti, "Siyo yule huyo?"

Nililiachia tawi. Nikaificha mikono ndani ya kanga kama mwizi, nikaokota mfuko wangu, nikaondoka. Sikugeuka nyuma.

Nimeshona kutwa nzima nikiyafikiria yale majani mabichi.

Mchana akaja kijana mmoja, dereva, amevaa bukta, suruali mkononi imechanika gotini. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Imefanyaje?"

"Nimepiga goti kubadilisha tairi, nikainuka vibaya ikanasa kwenye jeki. Limenipasukia alfajiri pale mteremkoni."

Mguu wangu ulisimama juu ya pedali ya cherehani. Akakaa kwenye benchi akisubiri, akatoa simu, na baada ya muda akainuka akaja mpaka mezani. "Mama, kama unapitaga ile njia uwe mwangalifu. Kuna mwanamke huyu." Akanionyesha mgongo wangu.

Nilimwuliza kama anamfahamu. Akasema hapana, ila wameshaambiana kwenye grupu la madereva. "Tukimkuta na kibaiskeli chake hatumpishi. Atajijua mwenyewe."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kwa upole, kama mtoto anayemwonya mama yake asipite uchochoro fulani. Nikaushika uzi, nikauingiza kwenye sindano, ukanishinda, nikauingiza tena.

"Na yale matawi yako ya alfajiri," nikamwuliza, "uliyaondoa?"

Akacheka. "Ah, mama! Gari likishapona unakimbizana na muda. Wataondoa wenyeji."

Nikainua uso nikamtazama. Ana mwanya. Ana ndevu zilizoanza juzijuzi na jicho moja jekundu la kukosa usingizi. Amenisalimia vizuri kuliko vijana wengi wa hapa mjini. Miaka yote hii nilikuwa nimejiandaa kwa sura ya kutisha, na aliyegeuka ni huyu, mtoto wa mtu, ananingojea nimshonee kiraka. Siyo yeye aliyemwacha Selemani pale, najua. Wakati ule huenda alikuwa bado anasoma. Lakini nimeshaacha kuamini kwamba yule mwingine alikuwa tofauti naye.

Maneno yalikuwa yamefika kwenye ulimi. Huyo mwenyeji ni mimi, mwanangu. Huo mgongo ni wangu. Hukumu mliyonipa kwenye grupu lenu ni ya kosa lako.

Nilimalizia kiraka, nikakata uzi kwa meno, nikamkabidhi suruali yake. Alivaa nyuma ya pazia, akatoka akijikagua goti, akafurahi. "Mungu akulinde, mama," akasema, na akaondoka zake kwenda kupakia.

Nimekaa na ile dua yake mpaka sasa hivi. Alasiri imepita, manyunyu hayajakatika. Huu ndio wakati watu wanaanza kurudi na baiskeli zao, wanaotoka shamba, wanaotoka sokoni, wanaotoka mashineni. Watateremka pale wameinamisha vichwa kwa sababu ya mvua. Matawi watayaona wakiwa wameshayafikia.

Nina hasira na yule kijana. Nina hasira zaidi na mikono yangu ya asubuhi. Zuhura akisoma hapa atanitukana, na haki yake. Ataniuliza kwani barabara ni ya mume wangu. Nitamwambia tangu siku ile naona kama ni yetu kidogo.

Nafunga kibanda mapema. Nitakwenda kwa miguu, nitayavuta moja moja, yote, mpaka la mwisho. Likija gari na simu ikachomoza dirishani, sitaficha mikono. Nitageuka nikiwa nimelishika tawi, nimtazame anayerekodi, anione uso, na niendelee kulivuta hadi kwenye majani.

Naomba tu nisikute unga.