Sitayachoma Machujio

Saadani, Bagamoyo

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini mgongo unaokusumbua unapoinamia cherehani umepata nafuu, na kwamba kifua cha Mama kimeihimili baridi ya Songea. Mimi ni mzima. Ulisikia kwa shangazi kwamba nimeachishwa kazi, nawe ukanisihi nirudi kwa meneja nikaombe radhi. Kwa heshima zote, Baba, naomba unisikilize kwanza.

Hoteli iliyoniajiri huwapa wageni maji ya kisima chenye chumvi, yakiisha kusukumwa kwa nguvu kupitia machujio. Ndani ya kila chujio mna utando mwembamba ulioviringishwa mithili ya jora la kitambaa. Utando ukichoka kuzuia chumvi, chujio hutolewa. Wanunuzi wa plastiki chakavu wa Bagamoyo hawayataki, kwa kuwa ni plastiki za aina nyingi zilizoshikamana kwa gundi. Ndipo meneja huamuru yachomwe nyuma ya jiko.

Moshi wake huangukia vichanja vya akina mama wanaokausha kamba wa baharini. Mwezi uliopita Bi Mwanaidi, mkubwa wao, aliingia hadi mapokezi na ungo wa kamba, akamwekea meneja mbele yake.

"Onja, mwanangu."

"Bibi, mimi nimeshakula."

"Hata mnunuzi wangu kasema hivyo hivyo, alipokwisha kunusa."

Siku hiyo niliomba nipewe machujio hayo. Nilieleza kwamba yakilowekwa katika dawa ya klorini hayazuii chumvi tena, lakini bado huzuia tope na vijidudu vingi. Yangefaa kwa maji ya lambo ambayo kijiji hunywa. Sikuficha gharama: dawa hununuliwa, maji ya kuoshea lazima yapunguzwe makali kabla ya kumwagwa, na baadhi ya machujio huharibika kabisa. Hata hivyo ni nafuu mno kuliko kununua mapya.

Meneja akacheka. "Injinia, umeajiriwa kuchuja maji, si kuchuja dunia. Kachome."

"Sichomi."

"Basi ondoka na takataka zako."

Nikaondoka nazo, juu ya mkokoteni wa mkwe wa Bi Mwanaidi, naye Bi Mwanaidi akanipa chumba.

Umeniandikia kwamba mtoto wa fundi cherehani hashindani na tajiri. Baba, ni wewe uliyenisomesha kwa kugeuza kola. Mteja alipoleta shati lililolika shingoni, hukumwambia alitupe. Uliifumua kola, ukaugeuza upande mzima ukatazama nje, na shati likaenda kanisani miaka mingine. Je, niombe radhi kwa kugeuza kola?

Chujio la kwanza limefungwa kando ya lambo, kwa pampu ndogo tuliyoazimwa msikitini. Nimewasisitizia wanakijiji waendelee kuchemsha maji hadi yapimwe, nao wanachemsha. Bi Mwanaidi alimpikia chai mwenyekiti wa kijiji, akamwambia, "Tazama, leo chai ina rangi ya chai. Jana ulikunywa lambo lenye sukari." Mwenyekiti akaomba kikombe cha pili, kisha akauliza kama lipo chujio la shule. Lipo.

Yaliyoharibika nayo sijayachoma. Nimeyapasua na kutoa nyavu zilizokuwa katikati ya utando. Akina mama wanataka kuzizungushia vichanja, kuku wasipande. Kinachobaki, yaani gundi na utando uliochanika, bado sina dawa yake. Nimekihifadhi mahali pakavu, wala sitakiwashia kiberiti ili kionekane kimekwisha.

Nisalimie Mama, kaka yangu anayekulimia shamba, na shangazi mwenye habari za haraka. Mwambie hii nayo aitangaze.

Nina ombi moja, Baba. Nyavu hizi ni ngumu, na sindano za hapa zinavunjika. Nitumie ile sindano yako ya kushonea maturubai. Ukiitia katika bahasha bila kuiambatanisha na neno radhi, nitajua umenielewa.

Binti yako akupendaye na asiyerudi nyuma,
Imelda