Kipimo cha Januari

Jumatatu, 3 Juni 1957
Wanafunzi sita wamekuja saa mbili, kama kila siku. Wameketi mkekani. Nimefundisha kola: mimi nasema, wao wanachora kwenye magazeti ya zamani. Tangu mume wangu Hamisi afe sitoki nje, kwa hiyo darasa limehamia kwangu. Madamu mkurugenzi alikubali shingo upande. Hana mwalimu mwingine wa ukataji wa nguo hapa Kasongo.
Somo limekwenda vizuri. Sikusikia chochote moyoni. Ningefundisha hivyo hivyo hata nyumba ikiungua.
Eda inakwisha tarehe 16. Mtihani ni tarehe 19.

Ijumaa, 7 Juni
Madamu ametuma orodha ya mtihani. Kila mmoja abuni gauni jipya, alikate kwa kipimo cha mtu mzima, na mtu huyo alivae mbele ya watahini, mabibi wawili wa Kizungu kutoka Bukavu. Mwanafunzi wangu Sidonia aliandika jina langu, na akanipima, mwezi wa Januari. Hamisi alikuwa hai, anashona barazani, akamtania kwamba amechagua mteja mgumu. Leo nimeomba atafutiwe mtu mwingine. Madamu amekataa. Orodha ni orodha.
Sidonia ni wa Kabambare. Mama yake yuko kule peke yake, miguu imevimba. Shule ya ushonaji inafunguliwa huko, inataka mwalimu mmoja tu: atakayeshika nafasi ya kwanza. Miaka mitatu hajamwona mama yake. Najua ningepaswa kumwonea huruma. Naandika tu kwamba najua.

Jumapili, 9 Juni
Wifi yangu Salima ameleta samaki wa Nyangwe. Ameondoka na sahani kama ilivyokuja. Anasema katika nyumba hii anayenenepa ni paka peke yake.

Jumatano, 12 Juni
Sidonia amenionyesha mchoro wake. Gauni la kijani, limebana kiunoni kama wanavyopenda wale mabibi. Lakini shingo ni ya kanzu, ya wanaume wetu, na tarizi nyeupe inashuka hadi kifuani. Yeye ni Mkristo, kwao hakuna kanzu. Aliziona kwa Hamisi, barazani.
Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufundisha. Zamani ningepiga vigelegele. Nimesema, vizuri.

Jumapili, 16 Juni
Eda imekwisha. Nimeoga. Nimevua nguo za eda. Wanawake wamekuja, wameomba dua, wamekula, wameondoka.
Salima amefungua sanduku akanirudishia utepe wangu wa kupimia. Aliuficha siku ile, baada ya kupimia sanda ya kaka yake. Nilidhani nikiushika nitalia. Sikulia. Ni utepe.

Jumatatu, 17 Juni
Nimejaribu gauni. Limening'inia. Mabega yameshuka, kiunoni zinaingia ngumi mbili. Sidonia alikaa chini sakafuni.
Alikata kwa kipimo cha Januari. Mimi niliyewaimbia kila wiki: mwili si jiwe, usikate kwa kipimo cha zamani. Nikamuuliza kwa nini hakunipima tena, na kila siku alikuwa hapa.
"Wifi yako Salima alisema kipimo ya mwisho mu hii nyumba ilikuwa ya sanda," akasema. "Ukipima mutu wa eda, unamupimia sanda yake. Niliogopa, Mama mwalimu."
Hasira ilikuja kidogo, ikapita. Yeye aliogopa. Mimi je? Nafundisha miili ya watu, wangu sikuuona. Kinyozi hajinyoi.

Jumanne, 18 Juni
Nimempa utepe ule ule. Akasita. Nikauzungusha kiunoni mwenyewe, nikamwachia ncha.
Kiuno: Januari 78, leo 65. Kifua: 94, leo 84. Ameandika safu mpya kando ya ile ya zamani. Kisha amefumua gauni lote, isipokuwa shingo. Mwalimu haruhusiwi kugusa sindano ya mtihani. Nimesimama tu, siku nzima, nimejaa pini.
Wengi wamenishika mikono tangu Februari. Huyu ndiye wa kwanza kujua nimepungua kiasi gani.

Jumatano, 19 Juni
Gauni limekaa. Bibi mmoja aliisifu shingo. Mwenzake alifungua daftari la vipimo la Sidonia, akaona safu mbili, akauliza ni kosa gani hilo. Madamu akatafsiri swali. Nilijua Kabambare inaponyoka.
Sidonia akajibu polepole. "Hii ni ya Januari, mbele ya kufiwa. Hii ni ya sasa. Mutu ni ule ule."
Madamu hakutafsiri mara moja. Alinitazama kwanza. Nadhani ni mara yake ya kwanza tangu nifiwe.
Sidonia nafasi ya kwanza.

Ijumaa, 21 Juni
Sidonia ameondoka asubuhi na lori la pamba. Barabara ya Kabambare ni mbaya, atafika akiwa vumbi tupu. Gauni ameniachia.
Nyumba kimya. Nimejipima mwenyewe, kiuno tu. 65. Nimeandika, na tarehe.
Salima ameleta ugali na samaki. Sikumlilia Sidonia. Hamisi pia bado sijamlilia. Nilikuwa na njaa. Nimekula mpaka sahani ikawa nyeupe. Paka amekaa mlangoni, anasubiri zamu yake.