Walitukuta Tumependeza

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Shemeji naye mpe shikamoo yake, na wanangu wote wabusu. Yule mkorofi mbusu mara mbili, maana ndiye aliyenirithi mimi. Natumai mguu wa shemeji umepata nafuu na kwamba sasa anakubali kuitumia ile fimbo badala ya kuitundikia kofia. Sisi huku tunapumua. Ningeandika kwamba hatujambo kabisa, ila nimeamua barua hii isiwe na uongo hata kwenye salamu.

Najua utashangaa kuona bahasha na simu ipo. Ninapoongea nawe kwenye simu, Baba huwa amekaa ubavuni pangu, na yapo mambo ambayo hata aliyesahau jina lake hafai kuyasikia. Kwa hiyo soma ukiwa umekaa, tena usisomee jikoni, utaunguza chakula cha watu.

Unaikumbuka ile Nyumba ya Mchana niliyokusimulia, ya wazee waliopotewa na kumbukumbu. Kila asubuhi nilimwacha Baba pale nikienda kiwandani kushona sare, na jioni nikampitia. Msimamizi wake ni nesi mstaafu tunayemwita Kamanda kwa ajili ya sauti yake, maana akisema kaa, hata asiyeambiwa hukaa. Baba alipapenda. Ufundi bomba haujamtoka mikononi hata baada ya mengine yote kumtoka kichwani, basi kutwa alizunguka akikagua mabomba ya nyumba nzima, na Kamanda akampa kitambaa na spana isiyofungua kitu. Jioni alikuwa akinieleza kazi ya siku kama zamani alivyokuwa akimweleza Mama.

Nyumba ile iliishi kwa ruzuku ya jiji. Halmashauri hutenga fungu kila mwaka kwa watu kama Kamanda, wanaolea yatima, wanaohifadhi wanawake waliopigwa, wanaotunza wazee. Jiji lenyewe haliendeshi nyumba hizo, linawapa fedha wanaoziendesha, na kila mwaka sharti muombe upya kana kwamba mwaka jana hamkujuana. Kamati inasoma maombi, inakuja kutembelea, kisha inatoa alama, na alama nyingi kuliko zote ni za uhitaji. Hilo tulilijua, Dada. Kamanda alitusomea mwenyewe kwa sauti yake ile, sisi ndugu wa wazee tumekaa tunamsikiliza. Tulilijua, na bado tukafanya tuliyoyafanya.

Alianza msusi, ambaye mama yake naye alikuwa pale. Alisema haiwezekani wakubwa wa jiji waje wakalie mabenchi yaliyovunjika. Seremala wa mtaa wa nyuma akasema ana viti vya mteja havijachukuliwa, atatuazima. Mwingine akaleta zulia la kwake, mwingine vikombe vya kabatini ambavyo hata mumewe hajawahi kunywea. Nami, ambaye sijui kukaa kimya, nikasema mapazia niachieni. Nilichukua vipande vilivyobaki kiwandani nikashona mapazia marefu mpaka chini, ya kufunika ule ukuta unaovuja ulioota ukungu kutoka darini hadi sakafuni.

Kamanda alisita. Alisema pengine tungeuacha ukuta uonekane, maana ndiyo hali halisi. Sote tukamwangalia kama ametutukana. Umkaribishe mtu kwako halafu umwonyeshe ukungu? Mimi ndiye niliyesema zaidi. Nilimwambia umaskini haubandikwi mlangoni, wenye macho wataujua wenyewe. Watu wakanipigia makofi na Kamanda akanyamaza, na kumnyamazisha Kamanda si kazi ndogo, nilijiona nimefanya la maana.

Siku yenyewe ilipofika, nyumba iling'aa. Ndoo ya kukingia maji ya darini tuliificha. Choo kibovu tulikifunga. Wale wazee wawili wanaopiga mayowe tuliwatoa tukawatembeza mtaani mpaka wageni walipoondoka, na hilo, Dada, ndilo linaloniuma kuliko mapazia, maana hao wawili ndio walioihitaji nyumba ile kuliko wote. Wageni walikuwa watatu, na mwenyekiti wao ni mama mmoja mpole aliyevua viatu mlangoni alipoona zulia. Waliuliza maswali ya adabu, nasi tukajibu kwa adabu. Wakiuliza kama chakula kinatosha tunasema tunamshukuru Mungu. Wakiuliza kama tuna matatizo tunasema hayakosekani. Sijui tulitaka waelewe nini.

Kisha yule mama akamgeukia Baba. Nilikuwa nimemvisha lile koti lake la harusi yako, nimemnyoa mwenyewe. Asubuhi hiyohiyo alikuwa ameniuliza mimi ni nani. Lakini alipoona mgeni amesimama mbele yake, aliinuka, akafunga vifungo vya koti, akampa mkono.

"Karibuni sana," akasema. "Hapa hatupungukiwi na kitu. Labda nyinyi ndio tuwasaidie."

Watu walicheka mpaka mwenyekiti akafuta machozi. Nami nilijivuna, nisikufiche. Nilimwona Baba yetu amerudi, yule wa zamani aliyekuwa hawezi kumwacha mgeni asimame. Wageni walipoondoka tulikumbatiana kama watu walioshinda kesi.

Majibu yalikuja kwa lugha tamu. Kamati ilisifu usafi wa nyumba, ikasifu jinsi majirani wanavyoiunga mkono, ikasema wazee wameridhika na hali zao. Kwa kuwa fungu la mwaka huu limepunguzwa na waombaji wameongezeka, ruzuku imeelekezwa kwa wenye uhitaji mkubwa zaidi. Mwisho wakatuita mfano wa kuigwa. Msusi aliuliza huo mfano unapikwaje, na hakuna aliyecheka.

Aliyepewa ni yule anayelea watoto wa mitaani ng'ambo ya soko. Nilikwenda kupaona, nikiwa nimejiandaa kuchukia. Watoto wanalala chini, Dada, wamepangana sakafuni, na mlezi wao hakuficha hata godoro moja lililochanika. Nilirudi sina hata wa kumchukia.

Nilimsindikiza Kamanda ofisi za jiji kukata rufaa. Ofisa tuliyepelekwa kwake alikuwa na chumba kidogo, kiti cha wageni kimejaa mafaili, ikabidi ayashushe sakafuni ndipo Kamanda akae. Kamanda alimweleza yote. Alimwambia viti ni vya seremala, vikombe ni vya jirani, nyuma ya pazia kuna ukungu, na wapo wazee tuliowaficha. Mwanamke yule aliyewaamrisha madaktari maisha yake yote alikuwa anaungama kama mwanafunzi. Yule ofisa alimsikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza, wala hakutazama saa.

"Mama, mimi nakuamini," akasema. "Lakini rufaa inasikiliza makosa ya kamati, na kamati haikukosea. Iliandika ilichokiona."

Alituomba tujaribu tena mwakani, tena kwa moyo mmoja, nikaona anamaanisha. Kamanda alimshukuru. Tulipofika barabarani aliniomba nimshike mkono tuvuke, na tangu siku ile sijaisikia tena ile sauti yake.

Aliendelea kwa muda kwa pensheni yake. Walezi aliowaajiri walifanya kazi bila mshahara mpaka nao wakashindwa, maana wana watoto. Kisha mwenye nyumba akaitaka nyumba yake. Tulipoondoa mapazia siku ya mwisho, ukungu ulikuwa umekula hata kitambaa. Kwa hiyo uliponiuliza juzi kwenye simu kama Baba bado anakwenda kwa Kamanda, nikakujibu anakwenda na anapenda, nilikudanganya. Hakuna pa kwenda. Pamefungwa tangu mvua zilipoisha, na msusi amemrudisha mama yake kijijini akae na ndugu. Sisi hatuna kijiji, wala ndugu zaidi ya wewe.

Usidhani nilikaa tu. Kwanza nilikwenda naye kiwandani. Msimamizi wetu ana roho nzuri, akampa kiti karibu na mashine yangu, wenzangu wakamwita Bosi. Alikaa vizuri, mpaka alipoona bomba la ukutani akaamua linahitaji kufunguliwa, na vitambaa vya oda nzima vikalowa. Msimamizi alinifuata nje akaniomba radhi, yeye ndiye aliyeniomba radhi mimi, akasema nikirudi naye atashindwa kunitetea.

Nikamwomba jirani wa mlango wa pili akae naye. Mama wa watu alijitahidi. Lakini Baba alilia akimtafuta Mama, na jirani naye ni mjane, akawa analia naye. Alinirudishia kwa unyenyekevu, akasema moyo wake umechoka. Nilipomwacha nyumbani peke yake mlango wazi, alipotea. Walimkuta vijana wa ujenzi mbali sana na huku, ameshuka kwenye mtaro anajaribu kuwafungia bomba lao, viganja vinatoka damu. Na kuacha kazi siwezi, Dada. Nikiacha kazi tunakufa njaa wote wawili, na paa juu yetu hakuna.

Sasa nakwambia lililonifanya nishike kalamu. Mimi namfungia Baba ndani. Asubuhi namwogesha, namlisha, namwekea chakula cha mchana kwenye sahani ya plastiki na maji kwenye jagi. Naondoa visu, naondoa kiberiti, nafunga koki ya nje. Kisha natoka nageuza ufunguo, naye anabaki mpaka jioni. Madirisha yana nondo. Majirani siwaachii ufunguo, kwa sababu nilipowaachia walimwonea huruma wakamfungulia, akapotea tena. Nikiwa kwenye cherehani nawaza moto. Nawaza ameanguka. Nashona kola huku nawaza hayo, na kola zinatoka zimenyooka tu, ndilo linaloniudhi, kwamba mikono yangu haijali.

Majirani wananiambia kwa upole kwamba hasumbui. Hapigi kelele wala havunji kitu. Anachofanya ni kubisha mlango kutoka ndani. Anagonga taratibu, anapiga hodi, anangoja kama mtu aliyelelewa vizuri, kisha anapiga tena. Ndivyo anavyoshinda.

Jana niliporudi nilimkuta anabisha. Nilikuwa napekua mkoba natafuta ufunguo, akasema hodi, na mdomo wangu ukajibu wenyewe, karibu. Akaacha kugonga. Nilipofungua, alikuwa amesimama pale kwa ndani, amevua viatu amevishika mkononi, akanishukuru kwa kumpokea. Hakunijua hata kidogo. Nilimkalisha kwenye kiti chake, akauliza kama anaweza kupumzika kwangu kidogo, nikamwambia akae atakavyo, hapa ni kwake. Alikitazama chumba chote akakisifia. Kisha akauangalia mlango, akaniinamia, akaongea kwa sauti ya chini.

"Kule ninakokaa kuna mama mmoja ananifungia," akasema. "Lakini usimseme kwa watu, mwanangu. Huenda naye ana shida zake."

Nikamwahidi sitamsema. Nimekwambia wewe tu.

Sikuandikii ili uje, wala sikuombi kitu. Hali ya hapo kwako naijua, na mguu wa shemeji si wa kuachwa. Nimeandika kwa sababu na wewe ni binti yake, na sikutaka umwazie Baba yuko mahali asipokuwepo. Unaweza kunikasirikia, nitakuelewa. Ila ukipiga simu usinilaumu akiwa anasikia, maana anaweza kunitetea.

Nisalimie wote hapo, kila mtu kwa nafasi yake. Majirani wanakusalimu, Kamanda naye anakusalimu, nilimpitia Jumapili nikamkuta amekaa tu. Baba angekusalimu. Barua hii nitaiposti kesho asubuhi nikienda kazini, nikishafunga mlango.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda mimba