Mama Aliyefika wa Mwisho

Mwaka mzima sasa umepita, Mama, tangu asubuhi ile ulipotuacha. Tulidhani kufikia leo tungekuwa tumezoea. Bado tunakosea: tunatenga sahani yako mezani, kisha mmoja wetu anairudisha kabatini.

Cherehani yako ipo palepale chini ya dirisha. Hakuna aliyethubutu kutoa uzi wa bluu uliouacha umetungwa. Ulikuwa fundi wa sare za shule, na mtaa mzima ulijua kwamba pindo lako halifumuki. Ulishona huku umebana pini mdomoni, ukitujibu kwa "mm" na "mh-mh", nasi tulijua ipi ni ruhusa na ipi ni kofi linakuja.

Lakini ulikuwa mtu wa hofu, Mama. Wewe mwenyewe ulituambia tukikusimulia tusikupambe. Kauli yako ilikuwa moja: "Watu watasema nini?" Kwa ajili ya hao watu, Dada yetu, kifungua mimba wako, alipobeba mimba bila ndoa, ulimfungia mlango. Akaondoka na begi moja. Tangu hapo jina lake halikutajwa ndani ya nyumba, ingawa tulikusikia mara nyingi ukiliita usingizini.

Mbio zilianza kwa mzaha. Karakana yenu ya ushonaji ilishona fulana za marathoni, na waandaaji wakawapa mafundi nafasi mbili za kukimbia. Shoga yako wa karakanani, yule tunayemwita Sindano kwa wembamba wake, akakuchokoza: "Sukari imepanda, daktari amekwambia utembee, nawe umekaa tu kama mtungi. Twende!"

Baba akaguna. "Mama mzima, na suruali barabarani?"

Tulitegemea ukubaliane naye. Ukasema, "Basi nitavaa sketi juu yake."

Ukaanza kwa kutembea hadi duka la dawa pale kona, ukirudi unahema kama mvukuto. Wiki zikaenda, ukavuka kona, ukavuka daraja. Baba akaanza kukufuata kwa mbali na ndala zake, chupa ya maji mkononi, akijifanya ana safari zake.

Siku yenyewe Sindano aliishia nusu njia. Akapanda gari la kuokota waliochoka, akakupungia mkono dirishani huku anacheka. Wewe ukaendelea, mara unakimbia, mara unatembea, na kila mtu akakupita. Tulipokungoja mwishoni, uwanjani zilibaki chupa tupu na vijana wanaokunja mahema. Mmoja wao akakwambia kwa huruma, "Mama, mbio zimeisha."

"Zako," ukamjibu. "Zangu bado."

Ukavuka mstari ukichechemea, mbele ya Baba, sisi wanao wawili, na Sindano anayelia kuliko wote.

Nyumbani tulikutia miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Kisha ukauliza, "Nimekuwa wa mwisho kabisa, sivyo?"

"Wa mwisho, Mama."

"Na njia nzima ilinitazama." Ukachezesha vidole majini. "Mbona sijafa?"

Hatukujua kama tucheke. Ndipo ukainua uso, na macho yako hatukuwa tumewahi kuyaona hivyo. "Dada yenu anakaa wapi? Msiniambie hamjui. Najua mnaonana naye."

Wiki iliyofuata ukaenda, umevaa viatu vya wazi kwa sababu ya malengelenge. Dada anakumbuka alikuwa anapiga pasi. Alifungua mlango nusu, akauzuia kwa mguu.

"Umefuata nini, Mama?"

"Nimekuja kubisha hodi. Ukitaka kunifukuza, nifukuze. Mimi ndiye niliyeanza."

Alikuacha umesimama hapo hadi pasi ikaunguza nguo, ndipo akakimbilia ndani, na mlango ukabaki wazi. Binti yake mdogo akachungulia, akauliza, "Huyu nani?" Ulimwachia Dada ajibu mwenyewe.

"Ni mama yangu," akasema. Hakusema, "Ni bibi yako." Hilo lilichelewa, nawe hukulidai. Ulienda kila Jumapili, ukakaa kwenye kiti ulichopewa. Siku mjukuu alipokuita Bibi kwa hiari yake, ulirudi nyumbani ukashindwa kula.

Dada akarudi kwetu na mwanawe, ukamtembeza mtoto mtaa mzima umemshika mkono, ukimtambulisha hata kwa wasiouliza. Tukapata miaka michache ya nyumba iliyojaa. Ilikuwa michache mno, Mama. Hilo ndilo linalotuuma hadi leo.

Figo zilipochoka, muuguzi mmoja aliyesikia habari zako akakutia moyo: "Mama, ugonjwa ni kama marathoni. Vumilia tu."

Ukamtazama. "Mwanangu, marathoni nilijiandikisha mwenyewe."

Wodi nzima ilicheka. Wewe hukucheka. Zamani ungejikaza usionekane, lakini siku ile ulisema mbele ya wote, "Naogopa. Kaeni karibu nami." Tukakaa. Ulipoomba urudishwe nyumbani, tukakurudisha, na Dada akalala kwenye mkeka kando ya kitanda chako mpaka mwisho. Ni mkono wake uliokufumba macho.

Watu humpa pole Baba, hutupa na sisi. Dada hujifanya ana kazi nyingi. Juzi Baba alimkuta jikoni ameinamia sufuria, mabega yanatikisika. Unamjua Baba, maneno si mali yake. Alimnyang'anya mwiko taratibu, akakoroga yeye, amempa mgongo, akakoroga na kukoroga hadi Dada alipomaliza kulia.

Wanaokulilia ni mumeo; Dada, kifungua mimba wako; sisi wawili tuliomfuata; mjukuu wako, ambaye sasa ameanza shule; ndugu zako wote na wakwe zako; Sindano na mafundi wenzako wa karakana.

Maadamu tungali hai, Mama, hutatutoka moyoni.