Lugha Moja ya Kuanzia

Jumatatu, 3 Machi

Mama amefumbua macho. Anaongea! Kaka kanipigia akilia kwa furaha. Nikawaacha wanafunzi wangu wa Kifaransa katikati ya vitenzi, nikaenda hospitali na chaki mkononi — nimeigundua kwenye lifti.

Anaongea kweli. Ila si na sisi. Ni lugha ya kwao, ile aliyokuwa akiongea na mdogo wake kwenye simu, mlango wa jikoni umefungwa. Sisi hatukufundishwa. Kaka anajua "njoo ule". Mimi najua "nyamaza".

Daktari anasema ni kiharusi, kimegusa sehemu ya maneno. Lugha aliyojifunza ukubwani — yetu — imezimika. Huenda ikarudi, huenda isirudi. Nikaitikia kwa kichwa.

Jumatano, 5 Machi

Mama mdogo kafika na basi la asubuhi, yeye na begi lake na mdomo wake. Hata hajaketi: "Mmemlaza dada yangu kama gunia! Mgeuzeni!" Halafu akaingia lugha yao. Mama akacheka. Upande mmoja wa mdomo, lakini akacheka! Wakaongea wee, mpaka chai ikapoa. Mimi nikawa namkata Mama kucha.

Mara Mama akanishika mkono, akaniuliza kitu. Mama mdogo akaanza kunyoosha shuka.

"Anasemaje?"

"Anasema una mikono laini, nesi. Anauliza kama mama yako bado yuko hai."

Nikasema, mwambie yuko. Akamwambia. Mama akafurahi, akanipigapiga kiganja. Nikaendelea na kucha. Kidole gumba kilikuwa bado.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefundisha. Sura ya familia: huyu ni mama yangu, hawa ni wazazi wangu. Wakarudia kwa pamoja. Nikasahihisha matamshi. Nikala. Nikalala.

Ijumaa, 7 Machi

Mtaalamu wa usemi katuita kando. Binti mpole, anaongea kama anaogopa kumwamsha mtu. Nguvu za Mama ni ndogo, kasema, mazoezi yaanze na lugha moja. Ipi? Tumjibu Jumatatu.

Kaka: "Yetu. Hilo nalo la kuuliza? Arudi kwa wanawe, kwa wajukuu."

Mama mdogo akaja juu. "Lugha yenu! Kaibeba miaka yote kama mzigo wa mtu. Leo kautua, mnataka kumtwika tena?"

"Na wewe ukiondoka, Mama mdogo, ataongea na nani? Na kuta?"

Anaondoka Jumapili, mumewe naye hali si nzuri. Wote wawili wakanigeukia. "Wewe ndiye mwalimu wa lugha," kaka akasema — kama vile bomba limepasuka, aitwe fundi.

Nikasema nitafikiri. Sikufikiri.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemwomba Mama mdogo anifundishe. Maji. Njaa. Inauma wapi. Lugha ngumu! Sauti inapanda nisipotegemea, na ikishuka maana inageuka. Jioni nikajaribu kumuuliza Mama kama anasikia baridi. Mama mdogo kaangukia kiti kwa kicheko — eti nimemuuliza kama yeye ni mbuzi. Mama hakucheka. Kanijibu kwa heshima zote: hapana.

Tukiwa tunarudi nyumbani nikauliza kwa nini hatukufundishwa.

"Baba yenu alitaka nyumba ya lugha moja. Dada akakubali, msije mkachekwa shuleni." Akatembea kidogo. "Lakini wewe, mwanangu, akikunyonyesha alikuimbia kwa kwetu. Baba yenu akiwa kazini."

Nimejaribu kukumbuka wakati naosha vyombo. Hakuna kitu.

Jumapili, 9 Machi

Mama mdogo kaondoka. Mama kauliza kitu akitazama mlango. Nadhani kamuulizia. Nikasema "maji". Ndilo neno lililokuja. Akanywa.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika hapa hapa kando ya kitanda, kuishughulisha mikono.

Mtaalamu kaja na kadi zake za picha. Kaka kasema, yetu. Mimi nikasema, ya kwao. Nimeisikia sauti yangu kama ya mtu wa chumba cha pili.

"Unaijua wewe?" kaka akasema. "Maneno matano!"

"Nitajifunza."

"Haya. Basi utamsahihisha wewe." Akaenda kusimama dirishani, katupa mgongo.

Kadi ya kwanza: ufunguo. Mama akaitazama sana. Akatamka neno, refu, limepanda katikati. Mtaalamu akanigeukia, kalamu tayari.

"Sahihi?"

Neno hilo sijafundishwa. Labda ni ufunguo. Labda ni mlango, labda ni jina la mtu. Na kazi yangu maisha yote ni hii moja: sahihi, si sahihi.

"Sahihi," nikasema.

Binti akaweka tiki. Mama akanitazama. Akatikisa kichwa, polepole: hapana.

Kakosea neno, na anajua kakosea! Mtaalamu kafuta tiki. Kaka kageuka, kavuta kiti, kaketi karibu na mto. Mama kaishika kadi kwa mkono ule mzima, anaisogeza karibu na macho. Midomo inacheza. Analitafuta.

Bado. Sauti ya kwanza imetoka — ka — imekatika. Anaanza tena.