Nyumba Isiyo na Jogoo

Nyumba ya kona,
Nyuma ya Kiwanda cha Magodoro,
Jumapili, tarehe 9 Novemba.

Mpendwa dada yangu,

Shikamoo, dada. Kabla sijasema neno jingine, miguu inaendeleaje? Uliniambia goti la kulia limeanza kukugomea kwenye ngazi, nami nimekuwa nikiliwaza goti hilo kana kwamba ni langu. Shemeji naye hajambo? Mwambie ile miwani aliyonitumia naivaa kazini, na meno bandia ninayotengeneza siku hizi yanakaa sawasawa hata katika vinywa vya wazee wagomvi.

Sisi huku tuko salama, tunashukuru. Wifi yako kifua kinambana asubuhi, lakini ulimi wake haujambo kabisa. Watoto walipiga simu wiki iliyopita, kila mmoja na shida zake. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umeinama, na ndiyo sababu ya barua hii.

Ulipopiga simu mwezi uliopita uliniuliza mbona husikii jogoo, je, tumewala? Ukacheka. Nikakujibu kwamba mtandao ni mbaya. Mtandao ulikuwa safi, dada. Wifi yako alikuwa amekaa ubavuni kwangu, na sikutaka kulifungua tena jambo ambalo ameshalisikia hadi limemchosha. Acha nikuandikie wewe. Karatasi haimkatizi mtu.

Kuku wangu unawakumbuka. Ulipokuja mara ya mwisho uliwaita midoli, ukasema hujapata kuona mtu mzima anayefuga kuku asiowala. Ni kweli hawana nyama. Jogoo mzima ana ukubwa wa njiwa aliyeshiba. Lakini mtu anayeshinda kutwa akihangaika na vinywa vya watu anahitaji kiumbe kisicho na meno cha kukitazama jioni. Huo ndio utani wangu wa siku zote, na wifi yako hauchekei tena.

Nilianza na jozi niliyopewa na mteja. Manyoya yao yalifunika miguu mpaka vidoleni, kama watu waliovaa suruali ndefu kuliko kimo chao. Walikuwa weusi wenye madoa ya kahawia. Mimi nikatamani rangi ya majivu, mwili mzima, bila doa. Nikawa nachagua, naoanisha, natenga, nangoja. Vifaranga wengi walitoka na madoa, na mwaka ule wa ugonjwa wa kideri nilizika zaidi ya niliowaangua. Mwisho wa yote akatoka jogoo mmoja wa majivu matupu, kifua mbele kama anakagua gwaride. Nikamwita Kanali. Mdogo wake, aliyekuwa na doa jeupe bawani, nikamwita Suruali. Nilikuwa pia na mitetea wao, na wale bata wadogo weupe wenye kishungi kichwani, kama waliotoka kitandani bila kuchana nywele. Bata hawana neno na mtu. Dume lao hata kulia halijui, linakoroma tu.

Mwenye sauti alikuwa Kanali. Haikuwa nzuri. Ilikuwa kama bawaba ya mlango inayodai mafuta.

Sasa, ukuta wa banda langu ndio ukuta wa chumba cha jirani yetu, fundi rangi, yule mtaa mzima tuliyekuwa tukimwita Brashi. Karibu kila nyumba unayoipita ukija kwetu aliipaka yeye. Miaka ya vumbi la msasa na harufu ya rangi ikamwozea kifuani, na mwaka huu hospitali wakamrudisha nyumbani na mtungi wa oksijeni, kwa kuwa wao hawakuwa na la zaidi. Hakutaka kuonwa na watu. Mkewe alituomba tumwache apumzike, nasi tukamwacha.

Alasiri moja mkewe akaja kwangu. Ni mwanamke mtaratibu, hana makuu. Nikampa kiti, akakataa.

"Fundi, nimekuja kuomba, sikuja kugomba," akasema. "Mgonjwa wangu halali usiku kucha. Alfajiri ndipo anaposinzia kidogo, na hapo ndipo jogoo wako anapoanza."

"Nitawaingiza ndani, mama. Nitawafunika."

Na kweli niliwafunika. Niliwatia kwenye kasha, kasha nikaliweka stoo, juu yake blanketi. Wakawika humo humo, sauti ikawa ya mtu anayeimba ndani ya pipa. Asubuhi nilimwona mama yule amesimama dirishani kwake, macho mekundu, akanitazama wala hakunisalimu. Bora angenitukana, dada.

Kuna fundi bomba mmoja ng'ambo ya reli, ana ua mpana na kuku wengi wa kawaida. Tangu zamani alikuwa akimmezea mate Kanali. Nikawatia majogoo wote wawili kapuni, nikalifunga kapu nyuma ya baiskeli, nikampelekea. Niliporudi wifi yako alikuwa ameniwekea chai. Akaniambia, "Awike asiwike kutakucha, mume wangu." Alikuwa ananipoza. Nikanywa chai yake.

Kukawa kunakucha kweli, ila kimya kimya, kama mtu anayeingia chumbani bila kubisha. Mtetea mmoja akaanza kuatamia. Baada ya siku kadhaa nikayamulika mayai yake kwa tochi, yote yalikuwa matupu, hayana mbegu. Nilitaka kumwondolea, nikashindwa. Nikamwacha ayalalie.

Halafu siku moja mke wa Brashi akaniita ukutani. Alikuwa anakwenda kuchukua dawa, na mtu aliyezoea kumshikia zamu hakutokea. Akaniomba nikae na mgonjwa mpaka arudi.

Nilimkuta ameegemea mito, kitanda kimesogezwa mpaka ukutani. Mtu aliyekuwa akipanda ngazi na ndoo mbili, sasa alikuwa akipanda pumzi moja moja. Tukaongea habari za mtaa, nani kahama, nani kajenga. Kisha akaniuliza, "Fundi, kuku wako walikufa?"

"Hawajafa, mzee."

"Mbona siwasikii?"

Nikimwambia ukweli nimemchongea mkewe, ambaye muda ule ule alikuwa juani akimtafutia dawa. Mwenyewe akaendelea, neno, pumzi, neno.

"Usiku ni mrefu. Yule wako mwenye sauti mbovu, nikimsikia nilikuwa najua huu nao nimeuvuka. Ndipo usingizi ulikuwa unanijia. Siku hizi nakaa tu gizani nikijiuliza, mpaka mke wangu afungue pazia."

"Nimewapeleka kwa mtu wakapandishe," nikasema. "Watarudi."

"Basi usichelewe," akasema, akafumba macho.

Nilimngoja mkewe mlangoni. Alipokuja nikamweleza, neno kwa neno. Nilidhani atakataa, au atalia. Akaweka mfuko wa dawa chini, akakaa kizingitini.

"Nilikuwa namwona anafumbua macho kila jogoo akiwika," akasema. "Nikadhani anamkera. Sikumuuliza." Akawa anakunja na kukunjua ncha ya kanga yake. "Na mimi mwenyewe, Fundi, nilikuwa sitaki kukuche. Kila kukicha naanza upya kumtazama anavyohangaika."

Akainuka, akachukua mfuko wake. "Mrudishe," akaniambia.

Nilikwenda siku hiyo hiyo. Fundi bomba aliponiona na kapu tupu akaanza kujikuna shingo. Kumbe jogoo wake mkubwa alikuwa amemuua Suruali tangu wiki ya kwanza. Kanali alikuwa hai, amejibanza nyuma ya pipa, upanga wa kichwani umechanika, jicho moja limekwenda.

"Fundi, kuku ni kuku," akaniambia. "Nilijua watazoeana."

Sikumlaumu. Mimi ndiye niliyewapeleka. Wanasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na heri kamba, wa kwangu alikosa jicho.

Nikamrudisha nyumbani. Nikamwosha kidonda kwa maji ya chumvi, nikampa mtama, nikampondea yai lililochemshwa, nikamweka karibu na mitetea wake ili apate moyo. Hakupata. Jogoo aliyepigwa hushusha mkia, anakaa pembeni kama mdaiwa, na hawiki. Kila jioni mama yule alikuwa akiniuliza juu ya ukuta, "Bado?" Nami namjibu, "Bado, mama." Nyuma yake nilikuwa nikimsikia mgonjwa anakohoa.

Sasa nitakuandikia jambo ambalo sijamwambia mtu, na shemeji asilisome kwa sauti.

Alfajiri moja niliamka nikatoka, nikamchungulia Kanali. Alikuwa ameinamisha kichwa, jicho zima liko wazi, ananitazama tu. Upande wa pili wa ukuta nikasikia ile pumzi, inapanda, inakwama, inapanda. Nikasimama nyuma ya banda na nguo zangu za kulalia, mtu mwenye mvi, baba wa watoto, nikawika. Ndiyo, dada, niliwika. Nilijitahidi kuipata ile sauti ya bawaba. Bata wote wakainua vichwa wakanitazama. Nikarudi ndani, nikajilaza kando ya wifi yako kama mwizi.

Mchana mama yule akanikuta natupa takataka. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze niliona meno yake.

"Amecheka mpaka nikaogopa," akasema. "Ameniambia, 'Mwambie Fundi jogoo wake amerudi na mafua. Lakini aendelee tu.'"

Nikaendelea. Kila alfajiri nikatoka nikawika, nikarudi kulala. Wifi yako hakuniuliza kitu. Ila asubuhi nikawa nakuta glasi ya maji ya uvuguvugu yenye chumvi mezani, ya kusukutua koo, na hakuna aliyesema koo limefanya nini.

Brashi alifariki mchana, jua liko juu. Nilikuwa kazini, mikono imejaa plasta ya umbo la taya la mteja, wifi yako akanipigia. Nilimaliza lile taya kwanza, kwa kuwa plasta haingoji. Huwa nakumbuka kwamba nililimaliza vizuri, na sijui kwa nini jambo hilo linaniuma. Tulimzika na watu wengi, hata wale aliowapakia rangi wakagombana naye juu ya rangi. Nilishika jeneza upande wa nyuma. Lilikuwa jepesi, dada. Mtu mrefu kama yule.

Kanali hajawika hadi leo, wala hapandi mitetea. Mayai wanayotaga ni ya kula tu, na mimi siwezi kuyala, wifi yako anawagawia watu. Kwa hiyo ile rangi niliyoitafuta miaka yote itaishia kwake. Rafiki zangu wafugaji wananiambia nitafute jogoo mwingine nianze upya. Nimewaambia nitaona. Ukweli ni kwamba mikono imenilegea. Nawabadilishia bata maji, nafagia banda, nafunga mlango, basi.

Nimalizie hili moja. Alfajiri ya kwanza baada ya mazishi, usingizi ulinitoka saa yangu ya kawaida. Miguu ikanipeleka nyuma ya banda yenyewe, nikajikuta nimesimama pale sina kazi. Nikasikia kiti kinasogezwa upande wa pili.

"Fundi, ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Leo usiwike."

"Siwiki, mama."

Nikageuka niingie ndani, nisimsumbue. Akaniita tena, sauti ya chini.

"Lakini usiondoke kwanza."

Sikuondoka. Nilikaa juu ya ndoo niliyoifudikiza, naye kwenye kiti chake, ukuta katikati yetu, mpaka kulipopambazuka nikamsikia anaingia ndani. Siku nyingine yuko, siku nyingine hayuko. Nasikia mwanawe anataka kumchukua akaishi naye. Nadhani atakwenda.

Nisalimie sana shemeji, nisalimie mapacha wako, na yule mkwe wako asiyependa kuongea. Mama mkubwa ukimpigia mwambie dawa yake ya macho nimeipata, naituma na mtu. Wifi yako anakusalimu, anasema usipande ngazi na mizigo. Binti yangu wa mwisho anakuamkia.

Mungu akupe usingizi mzuri, dada, na akuamshe ukiwa na watu wako wote.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ninaponyamaza,

Fundi Meno