Siku Mama Alipokulilia Ukiwa Mzima

Tuwan, Kitale
6 Desemba 1998

Dada yangu Nekesa,

Leo nimefua koti lako la jinzi. Mfukoni nimepata kile kiplastiki chako cha kupigia gitaa, na peremende moja. Peremende nimekula. Usinikasirikie.

Ni miezi tisa tangu ugonjwa ukuchukue tukakuzika nyumbani Matulo, na bado nikipita sokoni watu hunisimamisha: "Si wewe ni mdogo wa yule wa gitaa?" Zamani hawakukuelewa. Unamkumbuka mwenye baa? "Msichana, si uimbe rumba watu wakunywe?" Ukamjibu, "Watakunywa tu, wakishtuka." Ukawasha gitaa la umeme, glasi zikatetemeka, na wateja wawili wakahamia nje na viti vyao.

Hao walikuchekesha. Aliyekuumiza ni Mama. Ulipoacha chuo cha ualimu ukafuata roki na maigizo, alikaa miaka miwili bila kutaja jina lako. Ukija nyumbani alikupakulia chakula, kisha akaenda kukaa jikoni. Ulijifanya hujali, lakini kila barua uliyoniandikia iliishia kwa swali moja: "Mama ameniulizia?" Nami sikujua kudanganya.

Nilijifunza. Kikundi chenu kilipokuja Bungoma kuwaigizia wanafunzi tamthilia yao ya mtihani, nilimwambia Mama ni mchezo wa kanisa. Alijifunga kitambaa chake cheupe, tukakaa mstari wa tatu. Ulipotokea jukwaani alinifinya mkono, lakini hakuondoka. Halafu, katika onyesho la pili, ukafa.

Hilo nilisahau kumweleza. Wenzako walikulaza mkekani wakakufunika shuka, na Mama akainuka, mikono kichwani, akapiga nduru ya matanga: "Nekesa wangu! Mwanangu, mbona nilikununia?" Akina mama waliokuja kuona watoto wao wakasimama kumsaidia kulia, maana kwetu mama aliyefiwa haachwi alie peke yake. Ukumbi mzima ukawa na msiba. Yule mwenzenu aliyeigiza daktari alivua miwani, akasahau maneno yake yote.

Wewe ukafunua shuka.

"Mama, niko mzima. Keti basi, bado kuna wimbo."

"Ati uko mzima?"

"Si unaniona?"

"Haya, imba. Lakini usikufe tena!"

Wanafunzi walicheka mpaka mwalimu mkuu naye akashindwa kujizuia. Ukachukua gitaa, ukaimba kwa ile sauti yako ya kukwaruza, na Mama akapiga makofi mwanzo hadi mwisho, hata mara moja hakupatana na ngoma. Baadaye ulirekodi kanda, ukaonekana hata kwenye televisheni. Lakini watu wakitaja kazi yako, mimi hukuona pale pale, umejifunga shuka la maiti kiunoni, unacheka na machozi yanakutoka.

Jumapili iliyopita tulikuwa tukipukuchua mahindi, mimi na Mama. Akaniuliza ghafla, "Siku ile ya Bungoma, ulijua si mchezo wa kanisa?"

Nikasema nilijua.

Alimaliza gunzi alilokuwa nalo, akalitupa kando.

"Ungenidanganya mapema," akasema.

Nimeona nikuandikie hayo, kwa sababu ulikuwa ukiuliza kila mara. Ndiyo, dada. Anakuulizia.

Pumzika vizuri. Na huko uliko, ukipata nafasi, nikumbuke na mimi.

Mdogo wako